Kiti cha Pili kwenye Meza ya Mwanaidi

Nakumbuka siku moja ya foleni, mwanangu, na usinicheke kabla sijamaliza. Nilikuwa kijana, kifua mbele, nafanya kazi kwenye ghala moja mtaa wa Smithfield, na katika mwaka mzima ilikuwepo siku moja niliyoiombea ruhusa mapema kuliko hata Idi, Mungu anisamehe. Ilikuwa siku ya maonyesho makubwa ya michezo ya video hapa Sydney.

Ninyi mnaotazama michezo mipya ikitangazwa kwenye simu, kila mtu kitandani kwake, hamjui kitu! Makampuni yalijenga majumba mazima ndani ya ukumbi. Mazimwi ya plastiki yalisimama mpaka darini, muziki ulikutikisa kifua, na watu wasiojuana majina walishangilia pamoja kama wamezaliwa mtaa mmoja. Nilikuwa na furaha pale ambayo sioni haya kuisema hata leo na mvi zangu hizi.

Dada yangu Mwanaidi alikuwa akisomea kompyuta. Mwaka ule alipata meza yake mwenyewe kule nyuma, karibu na vyoo, walikowekwa watengenezaji wadogo. Alikuwa ametengeneza bao. Bao letu hili la kete na mashimo, alilocheza babu kule Tanga, ila hili lilikuwa kwenye skrini, na pedi mbili za kubonyezea mchezo na viti viwili. Alilihangaikia miaka miwili. Na bwana mmoja wa kampuni ya kusambaza michezo madukani alikuwa ameahidi kupita saa nane mchana aone linavyochezwa. Akilipenda, atalichukua.

Sasa bao halichezwi na mtu mmoja, na katika ukumbi ule wote waliolijua tulikuwa wawili, yeye na mimi.

"Kaka, saa nane," aliniambia. "Usiniangushe."

"Niachie mimi!"

Basi nikaenda kupanga foleni. Kulikuwa na mchezo mpya ambao hakuna aliyewahi kuugusa, na mimi nilitaka kuwa wa kwanza kuwasimulia wenzangu ghalani. Saa saba na nusu nilikuwa nimebakiza watu ishirini mbele yangu, mashine ikakwama. Ningeweza kutoka, mwanangu. Miguu ilikuwa yangu. Lakini nilikwisha kusimama kwa muda wa saa tatu, nikaona uchungu kuzitupa, nikajiambia dakika tano, dakika tano tena, hata saa nane ikapita naitazama.

Nilimfikia Mwanaidi saa tisa, nina fulana ya bure ya mchezo ule mkononi. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Yule bwana alikuwa amekuja saa nane kamili. Mwanaidi alimwomba mpita njia mmoja akae acheze naye, maskini ya Mungu, hakujua kete huanzia wapi, akawa anabonyezabonyeza tu. Yule bwana wa kampuni akatazama kidogo, akashukuru, akaenda zake.

Dada yangu hakunigombeza. "Umepata fulana?" aliniuliza. "Nzuri." Heri angenitukana.

"Mwakani nitakaa hapa tangu asubuhi," nikamwambia.

Kesho yake shangazi yetu, Bi Rukia, aliyetulea kwake mtaa wa Guildford, alikuwa akichambua mchele jikoni. Hakuinua hata macho.

"Huo mchezo uliousimamia kutwa, mwakani utakuwepo?"

"Mwakani kutakuwa na mwingine, shangazi."

"Kumbe. Na Mwanaidi, mwakani atapata kaka mwingine?"

Nikavuta kigoda, nikamsaidia kuchambua.

Na hiyo mwakani yangu, unajua ilikuwaje? Makampuni mawili makubwa hayakuja. Yaligundua kwamba yanaweza kutangaza kwenye mtandao bila kujenga jumba. Mahali pao pakawekwa sofa za kupumzikia, tukazikalia tukijidanganya kwamba ni ukarimu. Mwanaidi hakuomba meza tena. Mwaka wa pili wake zilizidi sofa, na wa tatu hapakuwa na maonyesho kabisa. Nilienda ukumbini kwa mazoea, nikakuta wanaonyesha vigae vya bafu. Nikasimama mlangoni, mtu mzima, nikalia. Sikuwa nikiyalilia mazimwi. Nilikuwa nakililia kile kiti, kwa kuwa sasa sikuwa na mwakani ya kukikalia.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu alinikalia miaka mingi. Mpaka juzijuzi hapa nilikwenda kwa Mwanaidi, nikamwomba radhi kwa mdomo wangu.

"Miaka yote hii ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Kwenye foleni," nikamjibu.

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaenda kabatini akatoa boksi la viatu, na ndani yake zilikuwemo pedi zote mbili.

Siku hizi kila Jumamosi tunaweka meza kwenye ukumbi wa jumuiya hapa Guildford. Watoto wetu wanaotujibu Kiingereza tukiwasemesha Kiswahili wanakuja kulicheza bao la Mwanaidi, na yeye ananifunga mbele yao bila huruma.

Basi shika hili. Kupenda makubwa si kosa, nami nikiulizwa nitasema yalipendeza na nimeyakosa. Lakini makubwa yana maelfu ya watu wa kuyashangilia; dogo la nduguyo pengine lina wewe tu. Ukiwekewa kiti, toka kwenye foleni ukakikalie, hata kama umebakiza mtu mmoja. Na saa ulizokwisha kuzipoteza zisikudai nyingine. Liwezekanalo leo lisingoje kesho, sembuse mwakani.

Mungu akujalie ndugu wa kukuwekea kiti, na akupe wepesi wa kufika kabla hakijapoa. Amina. Haya, nipishe nikavae viatu. Ni saa sita sasa hivi, na saa nane nina miadi na dada yangu.