Sikio la Ribuh

Jambo la kwanza nililolitambua kwa Ribuh Galih ni kwamba ndege ilipokuja, sisi sote tulitazama juu, lakini yeye aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasikiliza. Ndiye fundi wa ndege ndogo inayotushusha pwani, kwa kuwa milima yetu haina barabara. Rubani wake ni Lian, kaka wa mkewe.

Ujanani walikwenda pamoja kufanya mtihani wa urubani. Macho ya Ribuh yakashindwa kutofautisha nyekundu na kijani. Lian alirudi na kofia, Ribuh akarudi na spana. Tangu hapo, kila Lian aliposhuka na miwani yake myeusi, akina mama wakimkimbilia na mananasi, Ribuh aliwapa mgongo, akageukia injini. Nani aliwahi kumpelekea fundi nanasi?

Februari iliyopita, binti yake Rinai, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa asafiri kwenda hospitali pwani. Ribuh aliwasha pampu ya mafuta ya akiba, ile ya umeme, akainamisha kichwa.

"Inakoroma hii. Leo haruki mtu."

"Shemeji, hiyo ni ya akiba tu," Lian alicheka. "Pampu kubwa inaendeshwa na injini, nayo ni nzima. Au unaionea ndege wivu kwa kuwa inaruka?"

Abiria wakaangua kicheko. Ribuh akafunga daftari la ndege bila kutia sahihi, na bila sahihi ya fundi ndege hairuki. Walisubiri siku mbili, hadi ndege nyingine ikaleta pampu mpya.

"Baba, unanitia aibu," Rinai alimwambia mbele yetu. "Mjomba kakukosea nini, zaidi ya kukushinda?"

Ribuh aliifunga pampu mpya mahali pake, akaisikiliza, akatia sahihi.

Siku ya tatu waliruka. Haikupita nusu saa, Ribuh akasimama ghafla.

"Anarudi."

Hakuna mwingine aliyesikia kitu.

"Injini inanyweshwa mafuta kupita kiasi. Anatumia pampu ya akiba."

Ndivyo ilivyokuwa. Juu ya msitu pampu kubwa ilikufa, mshale wa kipimo cha mafuta ukaanguka, injini ikakohoa na kunyamaza. Lian akawasha ile ya akiba, injini ikashika tena, akageuza.

Ndege ilipogusa nyasi, watu walimbeba Lian mabegani. Rinai alimkumbatia akilia, "Umeniokoa, Mjomba!" Naye Lian akatabasamu mbele ya simu zilizokuwa zikimpiga picha. Ribuh alikuwa chini ya bawa, anafungua kifuniko cha injini kingali cha moto. Nilimsikia akinong'ona, "Hata leo?"

Rinai alijifungua salama, mtoto wa kiume. Kwetu, mjukuu wa kwanza akizaliwa, babu huliacha jina lake la zamani na kutangaziwa jipya mbele ya wageni karamuni. Ndilo atakaloitwa hadi kaburini. Na Rinai amemwomba Lian ndiye asimame kulitangaza.

"Mbawa alichukua yeye," Ribuh aliniambia jana, akinoa kisu cha kuchinjia nguruwe. "Mananasi yake. Binti yangu naye kamchukua. Sasa hata jina langu litatoka kinywani mwake?"

"Umemuuliza ni jina gani?"

"Nimemuuliza. Kaniambia, 'Shemeji, wewe si bingwa wa kusikiliza? Jumamosi utasikia.'" Akajaribu makali ya kisu kwa kidole gumba. "Akinipa jina la dhihaka, naondoka na nguruwe wangu."

"Na akisema ukweli wa pampu?"

Akarudi kukinoa kisu, ingawa kilikwisha kuwa kikali.

Leo ni Jumamosi. Wali umekwisha kufungwa majanini, wageni wamejaa ukumbini, na Lian bado yuko angani akileta wa mwisho. Ribuh yuko peke yake ukingoni mwa uwanja, kichwa kimeinama, macho ameyafumba.