Mwendo wa Trei

Hotelini walimwita Paka, maana alikuwa akikufikia na supu mezani kabla hujasikia hatua zake. Ndivyo alivyofunzwa ujanani: kanyaga kwa upole, magoti yawe laini, trei isijue kwamba una miguu. Alijivunia mwendo huo kuliko hata watoto wake, Mungu amsamehe.

Kisha akateleza kwenye mafuta jikoni, kano ya goti ikakatika. Akapasuliwa, kano ikaungwa, akapelekwa kwa dada wa mazoezi ya viungo, ambaye alimpandisha kwenye mashine ya kutembelea.

"Unalihurumia goti, kaka," yule dada alimwambia. "Uzito wote unautupia mguu mzima. Uelemee na huu uliopasuliwa. Goti lisilobebeshwa uzito wake linaharibika ndani polepole, na mwisho wake ni baridi yabisi."

Paka akaitikia ndiyo, ndiyo. Alipofika nyumbani akajaza glasi maji mpaka ukingoni, akaiweka juu ya trei na kuzunguka nayo sebuleni. Hakuna tone lililodondoka.

"Nimepona, mama watoto."

"Na yule dada wa mazoezi?" mkewe aliuliza.

"Atanifundisha nini mimi kutembea?"

Jamani! Trei ilipima mkono na ujanja, haikupima goti. Hakurudi tena kwenye mashine. Alirudi kazini, wageni wakamsifu, kichwa kikavimba.

Baadaye na goti likavimba. Akarudi kwa dada, naye alipoitazama picha ya goti, gegedu, ule utando unaokinga mifupa isisagane, lilikuwa limeanza kulika.

"Lililokwisha halirudi," hakumficha. "Ila tunaweza kuchelewesha kulika kwa lililobaki. Tembea kama nilivyokuonyesha, kutwa nzima, si hapa tu."

Safari hii alitii. Akashusha kisigino sawasawa, akauelemea mguu wenye mshono, trei ikatikisika, na supu ikammwagikia mgeni mapajani. Meneja akamwita pembeni.

"Mzee, ukirudia hivyo, sina kazi ya kukupa."

Angefanyaje? Watoto walikuwa bado shuleni. Akaurudia mwendo wake wa zamani, huku akijua fika kinachoendelea ndani ya goti, na kujua huko kulimtesa kuliko maumivu yenyewe.

"Basi pita kwangu jioni ukitoka kazini, ufanye walau kidogo," dada alimsihi.

Paka akajaribu kucheka, machozi yakimlengalenga.

"Ikifika jioni, dada yangu, goti halikunjiki."