Kijerumani cha Piko

Nawahadithia mwenyewe kabla hamjahadithiwa na wenzangu wa dobi, maana wao wakianza hutia chumvi, na aibu hii, wallahi, haihitaji chumvi ya mtu.

Nilikuwa mwaka wa nne nikifua nguo hotelini Diani, mashuka na taulo, taulo na mashuka, mgongo umeanza kulalamika, ndipo likatoka tangazo kwamba mapokezi panatakiwa mtu anayejua Kijerumani, na mtihani ni wa mdomo, Jumatatu asubuhi, mbele ya meneja mwenyewe, mama wa Kijerumani asiyecheka ovyo. Mimi nilikuwa nakisoma Ukunda mwezi wa tano huo, kila nitokapo kazini. Kusalimu najua, kuhesabu najua, hata kuomba radhi najua. Kilichonishinda ni vijineno vyao vidogo, vya kusema "pamoja na", "kutoka", "bila", maana kila kimoja kinaliamuru neno linalokifuata libadilike: mit anataka dem, ohne anataka den, na ukikosea unatazamwa kama uliyevaa kanga kichwa chini. (Najua, na sisi tuna ngeli zetu, lakini hizo nilizaliwa nazo.) Kiingereza cha shuleni kilinidekeza: the ni the, inyeshe isinyeshe.

Basi Jumamosi mchana tuko Waa kwa harusi ya binamu yangu Mwanasha, wanawake tumejaa uani tunapakwa piko, ile rangi nyeusi ya maua ya mikononi na miguuni, na mimi badala ya kukaa na daftari langu nikapata akili (akili gani hiyo!). Nikamwendea Bi Riziki, fundi wa piko, na karatasi yangu yenye safu mbili.

"Shikamoo, Bi Riziki. Nina ombi."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Vijineno hivi nataka unifichie ndani ya maua. Safu ya kwanza mkono wa kulia, ya pili mkono wa kushoto."

Akaisogeza karatasi mbali na macho. "Hii ni dua?"

"Ni kazi, Bi Riziki."

"Haya, Mungu akufungulie."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: vya mkono wa kulia vinataka dem, vya kushoto den, nikiulizwa nachungulia tu. Nikanyoosha mikono, nikasinzia pale pale. Kuamka, maua yamependeza mno, na kumbe Bi Riziki ameupenda ule mtindo, akamchora na bibi harusi. Mwanasha akaniuliza hili neno lililo kifundoni mwake, ohne, lina maana gani, nami nikamjibu, "Daima." (Maana yake ni "bila". Mungu anisamehe.)

Jumatatu nikavaa buibui lenye mikono mirefu, nikaingia. Ndani yuko meneja na Bwana Mutua, mkuu wa mapokezi, mtu wa bara. "Tulia, madam, ni kuongea tu," akanambia. Meneja akainua ufunguo, akauliza mgeni anatoka na nini. Nikavuta mkono wa buibui kidogo, nikachungulia, mit nikamkuta kushoto, basi nikatoa den yangu kwa sauti. Meneja akapepesa macho. Akauficha ufunguo, sasa mgeni hana. Ohne yuko kulia, nikatoa dem. Jinsi alivyozidi kunikodolea ndivyo nilivyozidi kujiamini, nikidhani nimemshangaza, mpaka Bwana Mutua akashindwa kunyamaza.

"Lakini huyu dada, si hata angepatia moja tu kwa bahati!"

Meneja akaivua miwani, akaivaa tena. "Mkono unakuwasha?" akaniuliza kwa Kiswahili chake. Nikasema hapana. "Ah, ni piko! Nzuri sana. Leta nione."

Sasa nitakataaje? Piko hupakwa ili isifiwe, na mtu akikusifu unampa mkono, ndivyo tulivyolelewa. Nikampa. Akaugeuza taratibu, akafuatisha ua kwa ua na kidole, akasoma, "Durch. Für. Gegen. Ohne." Bwana Mutua akainuka kitini kuja kutazama.

"Ni maua tu," nikasema.

"Maua haya," akasema meneja, "mimi nayajua tangu nilipoota meno."

Lo! Nilitamani sakafu inimeze na buibui langu. Machozi yakanitoka, kazi niliiona ikienda, nikaeleza yote: karatasi, Bi Riziki, safu ya kwanza, safu ya pili. Na katika kueleza ndipo nikaelewa. Bi Riziki hakusoma shule, alisoma chuo cha Kurani kwa maalimu, na huko kusoma huanzia kulia. Safu ya kwanza kwake ni ile ya kulia. Amenipaka mikono kinyume, na kwa haki kabisa!

Yule mama asiyecheka alicheka mpaka akashika meza. Kisha akajipangusa macho. "Leo kazi sikupi. Wiki tatu nitakungoja, piko itoke. Wiki ya nne nachukua mwingine."

Nikarudi dobi. Nilisugua kwa limau, kwa sabuni, kwa dawa ya mashuka, wapi! Na Bwana Mutua kashasambaza habari. Kila taulo niliyorushiwa ilikuja na swali. "Mit?" "Dem!" "Ohne?" "Den!" Hasira zilinipanda, nikawajibu kwa kelele kutwa nzima, nikakunja mashuka kwa dem na den mpaka nikawa naviota.

Wiki ya tatu nikarudi kwa meneja. Hakunisalimu hata, akasema, "Mikono." Nikamnyooshea yote miwili, mbele na nyuma, myeupe pe. Akauinua ule ufunguo.

Sasa niko mapokezi, na karatasi yenye safu mbili siigusi tena, hata ya orodha ya sokoni. Nikialikwa harusini Waa, Bi Riziki akinishika mkono huniuliza kwanza, "Maua matupu?"

"Maua matupu, Bi Riziki." Na Mwanasha pembeni humwambia, "Mimi nipake lile la daima."