Mjomba wa Bi Hanna

Juzi nilikutana na picha ya rais mmoja wa zamani wa Marekani kwenye kitabu cha historia, nikacheka peke yangu hadi darasa zima likageuka. Nilikumbuka chumba cha kushonea cha Bi Hanna, mama wa Kipolandi, jirani yetu pale Bigwa, chini ya mlima.

Chumba kilinukia pasi ya mkaa, na mvua ya mlimani ilikuwa ikigonga bati. Nilikuwa nimefuata sketi yangu ya kwanza ya shule. Mama alikuwa amenionya, "Usiposalimia kila mtu mle ndani, sketi hupewi, na shule huendi." Nami mbele ya watu nilikuwa bubu kabisa.

Nikajikaza. "Shikamoo, bibi." Kisha nikaona ukutani picha ya mzee anayetabasamu. "Shikamoo, babu."

Bi Hanna akasimamisha cherehani. "Marahaba, naitikia mimi kwa niaba yake. Huyu alikuwa rais wa mbali, mwanangu. Kwetu wakomunisti walitufunga midomo, yeye akatusemea."

Kwetu sisi Waluguru, anayemsemea mtu mbele za watu ni mjomba wake. "Kumbe ni mjomba wako!" nikasema.

Alicheka hadi akashika meza. "Ehe, mjomba! Ila mwenyewe hakujua kama ana mpwa."

Leo najua wapo watu wanaomkumbuka rais yule kwa uchungu. Siku ile Bi Hanna alinivalisha sketi juu ya gauni, akanigeuza niitazame picha. "Mjomba, mwone mjukuu wako, anaanza shule!"

Aibu ikaniisha. Nikazunguka, nikazunguka, sketi ikachanua yote kama ua.