Mke wa Inspekta

Miaka hiyo nilikuwa na duka la ushonaji Kitale, karibu na msikiti, pamoja na mwenzangu aliyezaliwa mtaa huo. Yeye alikata, mimi nilishona. Kosa langu lilikuwa kumruhusu alete televisheni. Aliiweka juu ya kabati la vitambaa, na kila Jumamosi alasiri kazi ilisimama kwa ajili ya mchezo wa polisi: inspekta mmoja mwenye koti refu, asiyecheka hata mara moja.

Mchezo wenyewe ningeuvumilia. Kilichonishinda ni maneno ya watazamaji wake, mwenzangu na senge wangu. Hakuna siku tulionyeshwa nyumbani kwa inspekta, basi wakamjengea nyumba wenyewe. Senge wangu, yaani dada ya baba, alikuwa akija kutoka Bungoma kuuza vitenge sokoni, na akimaliza anapitia kwangu kutazama.

"Huyo amefiwa na bibi, bana," senge alisema. "Angalia vile anashika kikombe."

"Mtu akifiwa anashika kikombe aje, Mama?" mwenzangu akamjibu. "Ameachwa huyo. Bibi alienda na mtoto. Si unaona alama ya pete kwa kidole?"

"Ati alama! Kwa hii TV ya chenga?"

Niliwaambia huyo ni mwigizaji tu, akimaliza anavua koti anaenda kwake. Wakanitazama kama mtu aliyetukana matangani.

Jumamosi moja, katika kubishana huko, mwenzangu alikata mikono miwili ya gauni la harusi, yote ya kushoto. Niligundua nikiwa nimeshaanza kushona. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, na bibi harusi alikuwa anakuja Jumatatu kutoka Kachibora. Nikachomoa waya ukutani. Nikamwambia senge arudi Bungoma na marehemu wake, hapa tunatafuta riziki. Alifunga mzigo wake, akaacha chai mezani, akaondoka.

Ilibidi tuikate mikono iwe mifupi, kosa lisionekane. Bibi harusi alisimama mbele ya kioo, akauliza mikono mirefu iko wapi. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimweleza yote, na inspekta ndani.

"Kwani nyinyi mnasema aliachwa?" akauliza. "Mimi najua bibi yake alifungwa, na ni yeye mwenyewe alimshika."

Mwenzangu akavuta kiti. Nikaenda kusimama nje.

Wiki tatu senge hakuonekana. Baba akapiga simu, akaniambia mtu hafukuzi senge wake kwa sababu ya televisheni. Nikapanda gari kwenda Bungoma. Anakaa upande wa Kibabii. Aliniwekea chai na njugu, akaketi akimenya njugu zake. Nikaomba msamaha. Akaendelea kumenya.

"Mume wangu alikuwa polisi," akasema mwishowe.

Nilijua. Nilimkumbuka akija likizo, mtu wa kula na kunyamaza.

"Siku moja alirudi na shati iko na damu. Akanipatia, akasema osha. Nikauliza, hii damu ni ya nani? Akasema, osha. Nikaosha." Alipangusa maganda ya njugu mezani kwa kiganja. "Tulikaa miaka kumi na nane baada ya hiyo siku. Amekufa, na mimi sijui mpaka leo. Sasa huyu wa TV akinyamaza, mimi namjibia. Kuna ubaya?"

Nilisema hakuna ubaya. Nililia kidogo pia, na yeye akaniambia ninywe chai kabla haijapoa.

Jumamosi iliyofuata alikuja. Mwenzangu alimpokea mzigo mlangoni, na kabla senge hajaketi walikuwa wameshaanza. Nilidhani baada ya yale niliyosikia Kibabii ningewasikiliza kwa moyo mwepesi. Nilijaribu, kwa kweli nilijaribu. Ilipofika saa tisa na nusu nilikuwa nimebeba cherehani yangu kuipeleka chumba cha nyuma. Siku hiyo walikuwa wamempa inspekta mama mzazi anayeumwa, wakaniita nije nisaidie kusema anaumwa nini. Nikapaza sauti kutoka huko nyuma nikasema presha.

Walikataa, wote wawili, kwa pamoja.