Nilivyoomba Uhamisho wa Busia

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa bambo, nikaonyeshwa mahali pa kusimama. Habari ya kiti haikutajwa. Ninyi vijana mnaopima mahindi kwa mashine yenye namba huenda hamjawahi kulishika bambo: ni chuma chenye ncha na uwazi ndani yake, unalidunga gunia, punje zinateremka kiganjani bila gunia kufunguliwa. Ghala lilikuwa Mulanda, kwetu Uganda, la kampuni ya kununua nafaka ambayo sitaitaja, kwa sababu ndiyo inayonilipa pensheni na mimi bado naipenda chai yangu iwe na sukari.

Mkuu wa Ghala wa Mulanda alikuwa mzee mpole, mwenye koti la mvua hata wakati wa kiangazi. Alinisimamisha mbele ya mrundo wa magunia akasema, "Binti, usidunge juu tu. Juu watu nawekanga ile mzuri." Ni kweli. Walikuwapo waliojaza mahindi makavu juu na pembeni, katikati wakaficha mabichi. Gunia la aina hiyo tuliliita mjamzito. Ilibidi udunge ubavuni, udunge tena chini karibu na mshono, halafu utie punje mdomoni uiume. Kavu hupasuka kwa mlio, mbichi hubonyea. Baadaye zililetwa mashine za kupima unyevu, kisha vipimo vya sumukuvu, ile sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho, lakini meno yangu yaliendelea na kazi hadi mwisho.

Wazee wenzangu wakisimulia kazi zao husema zilikuwa tamu. Yangu ilinikera, na sioni kwa nini nifiche. Vumbi la magunia lilinikohoza mwaka mzima. Buti za mpira walizotuletea zilikuwa za miguu ya wanaume, nikajaza matambara ndani. Choo cha wanawake hakikuwapo. Nilivuka barabara kwenda kwa mama muuza chapati, na kila niliporudi palikuwa na mtu wa kuniuliza nilikuwa wapi. Mikutano iliitishwa saa ya kula. Mtasema ni mambo madogo, na ni kweli, ila ni mimi niliyeishi nayo.

Kutoka Mulanda nilihamishiwa ghala kuu la Tororo, mahali ambapo ukiinua macho unaliona lile jiwe kubwa la mji. Hapo nilikuta bosi ambaye nitamwita Bwana Meneja. Hakuwa mtu mbaya. Hakula rushwa, hakutukana watu, na aliwajua wachukuzi wote kwa majina ya watoto wao. Alikuwa na tabia moja tu: akimpata mfanyakazi mzuri, hamwachii.

Wakati huo mama yangu alikuwa peke yake nyumbani Dabani. Ndugu zangu wa kiume walikuwa mbali, mmoja Jinja, mwingine Nairobi. Macho ya mama yalianza kufifia. Daktari alituambia ni presha ya macho, kwamba yangekwisha polepole na hayangerudi. Kampuni ilikuwa na ghala jingine mjini Busia, na kutoka hapo hadi kwetu ni safari fupi ya bodaboda. Nilitaka kitu kimoja tu: nihamie Busia, nilale nyumbani, niamke na mama wakati bado anaweza kuniona uso. Nikiwa Tororo, msimu wa mavuno ukishaanza, hata Jumapili malori yalikuja.

Nilikwenda ofisini kuomba. Bwana Meneja alinisikiliza vizuri, akaweka kalamu chini.

"Madam, wewe ukienda Busia, hapa nabaki na nani?"

"Wandera yuko, Bwana Meneja."

"Wandera!" Alicheka mpaka mhasibu akachungulia mlangoni. "Msimu huu upite kwanza. Halafu tutaongea."

Wandera alikuwa mkaguzi mwenzangu, mtu wa kwetu Samia, mcheshi, mvivu kupindukia. Alilala juu ya magunia akijifunika turubai, na mahindi aliyoyapitisha yalipata joto ndani ya mrundo hadi yakatoa mvuke. Msimu ulipita, ukaja mwingine, na Bwana Meneja alichoka naye. Akamhamisha. Alimpeleka Busia.

Wandera mwenyewe alikuja kuniaga akiwa amenuna. "Sister, mimi hata sikuomba. Mke yangu iko hapa Tororo na duka yake. Sasa Busia nakwenda kufanya nini?"

Jioni ile nilikasirika hata sikuweza kupika. Kama ningefanya kazi vibaya ningekuwa nyumbani. Kwa kuwa niliifanya vizuri nimefungwa kwayo. Nililifikiria sana jambo hilo, nikajaribu hata kuwa mvivu. Sikuweza. Gunia bichi likiletwa mbele yangu mkono ulijiendea wenyewe.

Niliomba tena, na tena. Kila mara ulikuwapo msimu wa kupita kwanza. Nilipopata nafasi ya kufika Dabani, mama alinikalisha mlangoni kwenye mwanga, akanigeuza uso huku na huku kwa mikono yake. "Umekonda, ama ni mimi sioni vizuri?" Safari nyingine akaniuliza, "Hiyo kazi yako, mwanangu, haina mtu mwingine?" Nilimwambia msimu unakaribia kuisha. Safari iliyofuata hakunivuta tena kwenye mwanga. Alinishika tu mashavu, akasema nakaribia kufanana na marehemu bibi yake.

Alifariki katikati ya mavuno, macho yakiwa yameshakwisha kabisa. Nilikuwa uani na bambo mkononi baba mdogo aliponipigia simu.

Kwetu, mtu akifiwa, kazini kwake lazima waje. Asiyeletewa watu wa kazini kwake atasemwa mwaka mzima, kwamba huko anakofanya kazi hajulikani. Lori la ghala lilifika Dabani limejaa wachukuzi na makarani, na Bwana Meneja alikaa mbele kwa dereva, amevaa suti. Alileta sukari na magunia ya unga. Ukoo ulisema, kanisa likasema, kisha mshereheshaji akampa kipaza sauti, kwa maana bosi lazima aseme.

"Huyu dada yenu," alianza, "hajawahi kukosa kazini. Mvua ikinyesha, yuko. Akiwa mgonjwa, yuko. Msimu wa mavuno sisi hatuna wasiwasi, kwa sababu yeye yuko. Mama huyu alituzalia mfanyakazi!"

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani kando ya jeneza, na shangazi yangu amenishika bega. Nilimsikia akisema polepole, bila ubaya wowote, "Kumbe ndiko ulikokuwa."

Makofi yalimpa Bwana Meneja nguvu. Aliinua mkono watu wanyamaze. "Na kwa sababu hiyo, hapa mbele ya mama yetu, natangaza: kuanzia mwezi ujao nampa uhamisho. Aje Busia, akae karibu na nyumbani!"

Vigelegele vilipasuka. Wanawake walisimama. Mshereheshaji akaniita niinuke nimshukuru mgeni, kwa sababu mkubwa akikupa kitu mbele ya watu hukai kimya. Niliinuka, nikamshukuru kwa Kisamia na kwa Kiswahili. Nililia, na watu walidhani wanajua nalilia nini. Ilikuwa hasira. Sijawahi kuwa na hasira kama ile maishani, na sikuwa na mahali pa kuitupa, maana mtu yule alikuwa anatabasamu kwa moyo safi kabisa.

Nilihamia Busia. Niliamka katika nyumba ya mama, nikafagia uwanja, nikaenda kudunga magunia ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Miaka ilienda, nikapanda cheo hadi nikawa Mkuu wa Ghala mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikutaka kulielewa. Ukiwa ofisini unayaona malori yamepanga foleni, unamwona mkaguzi mmoja unayemwamini, na moyo wako unamkamata. Si ukatili. Ni woga.

Mkaguzi niliyemwamini mimi aliitwa Othieno, kijana wa Nabuyoga mwenye meno mazuri kuliko yangu. Asubuhi moja mavuno yakiwa yamepamba moto aliingia, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mama, mzee wangu ameanguka. Upande moja imekufa. Naomba unipeleke Mulanda, nikuwe nalala nyumbani."

"Wewe ukienda," nikaanza, "hapa nabaki na..."

Nilifunga mdomo. Nikamwambia akakusanye vitu vyake.

Msidhani mambo yalinyooka kwa sababu nilitenda wema. Aliyechukua nafasi yake alipitisha magunia mabichi, wanunuzi wa ng'ambo wakayarudisha, na Mkurugenzi wetu akapiga simu kutoka Kampala. Alikuwa na sauti kali, na mhasibu alikuwa amekaa mbele yangu akisikia yote.

"Kwa nini ulimwachilia mtu wako bora katikati ya msimu?"

"Kwa sababu baba yake bado yuko hai, bwana."

"Hilo si jibu la kikazi, Madam."

"Ndilo nililo nalo."

Nilipewa onyo, na nilistaafu nikiwa nalo. Waliniaga kwa soda na keki iliyopondeka njiani. Bwana Meneja naye alishastaafu. Tukikutana sokoni Tororo hunishika mkono kwa furaha na kusema, "Madam, unakumbuka, mimi ndiye nilikupa Busia!" Nami humwitikia. Ni mzee sasa, na sioni faida ya kumwambia.

Vijana hunijia na malalamiko ya kazi, nami nayasikiliza yote, ya choo, ya buti, ya mikutano. Sijawahi kumwambia mtu avumilie tu. Ila nawaambia wakisikia bosi anawasifu sana, waombe siku hiyohiyo wanachokitaka, wasingoje msimu.

Othieno bado hunipigia simu. Mzee wake hakuamka kitandani lakini mdomo ulirudi wote, na sasa anamtuma mchana kutwa: geuza mto, fungua dirisha, funga dirisha, huu ugali ni wa nani? Othieno hulalamika mpaka salio la simu linakwisha, kwamba mzee anamchosha, hamwachi hata kukaa. Namwacha alalamike. Malalamiko hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaomba mimi.