Vilio Visivyo na Majina

Nasipwondi hutengeneza kompyuta katika kibanda cha mabati kule Manyatta, mtaa wa Kisumu, ubavuni mwa saluni ya Kageha. Alitoka Bungoma akiwa msichana, akaolewa Kisumu, akaachika, kazi ikamshika. Watu humletea mashine zilizoliwa na vumbi au kumwagikiwa chai, naye hapendi kushindwa.

Mwaka jana Ndung'u, mpiga video za mazishi, alimletea diski aliyoifunga kwenye leso. Ndani mlikuwa na mazishi ya miaka mingi, ya eneo zima la Seme mpaka ufuoni mwa ziwa. Kila kompyuta aliyoichomeka ilikataa kuitambua.

"Watu wananiuliza video zao," alisema. "Siku hizi nikipita Kombewa napita mbio."

Nasipwondi alifungua kasha, akaitoa diski, akaiunga moja kwa moja na mashine yake kubwa. Ikazunguka. Mashine ikaiona, ila ikadai ni tupu. Akaweka programu inayoichambua diski kipande kwa kipande na kuokota chochote kilichosalia. Faili zikarudi bila majina wala tarehe. Nyingi alipozifungua, kioo kilibaki cheusi. Sauti tu ndizo zilizopona.

Ikabidi azisikilize ajue ni za nani. Kutwa kibanda kikawa mahubiri, ngoma na vilio, mpaka Kageha akaja mlangoni.

"Aki Nasi, hiyo kilio imezidi. Wateja wanauliza kama tumefiwa."

Akavaa earphone. Ikawa mbaya zaidi, maana sasa sauti zilimwingia kichwani zikakaa. Moja hasa: mwanamke akiita, "Nicodemus! Nyathina!", yaani mwanangu, kisha faili inakatika. Nasipwondi alianza kuisikia akichota maji, akisonga ugali. Mama yeyote akimwita mtoto njiani, yeye ndiye aliyegeuka.

Ndung'u alieneza habari, watu wakaja. Mmoja alitambua sauti ya mchungaji wake, mwingine wimbo wa kwaya. Akaja pia Mama Aloo, mjane wa Kombewa, ambaye mwanawe alizama ziwani.

"Aliitwa nani, Mama?"

"Nicodemus."

Nasipwondi akaifungua ile faili. Mama Aloo akasikiliza, kichwa ameinamisha.

"Huyu anayelia ni nani?"

"Sijui, Mama. Nilidhani unamjua."

Akaomba iwekwe tena. Ilipokatika, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ni mimi."

Siku ile ya mazishi hakuikumbuka hata kidogo. Shemeji zake walikuwa wakisema kwamba alikaa kando ya kaburi macho makavu, na mama asiyelia anajua kilichomuua mtoto. Walisema hivyo mpaka naye akaanza kuamini.

"Imeishia hapo?" aliuliza.

"Imeishia hapo, Mama."

Aliondoka nayo kwenye simu. Baadaye Ndung'u alileta habari kwamba Mama Aloo aliwaita shemeji zake uani, akawachezea ile sauti. Mmoja aliinuka akaenda zake. Wengine walikaa, macho chini. Hakuna aliyeomba msamaha, lakini yale maneno hayajasikika tena.

Faili zilizobaki zilikosa wenyewe. Ndung'u alisema zifutwe. Nasipwondi hakuzifuta. Asubuhi, kabla saluni haijafunguliwa, huchagua moja na kuisikiliza mpaka inapokatika. Kageha akimsihi awaache wafu wa watu wapumzike, hujibu kwamba hawezi.

"Wamenizoea," husema.